Alama ya kusimamisha programu ikipitwa, chunguza faili iliyoingizwa

KWA miaka mingi, kituo cha afya cha Turbo, kilichoko kwenye barabara kuu ya Eldoret kuelekea Webuye, kimekuwa miongoni mwa vituo vya mpango wa AMPATH wa kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mwaka wa 2006, rekodi za wagonjwa wa mpango huo zilianza kuhifadhiwa mjini Eldoret kwa OpenMRS, programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Java.

Kwa kuwa ni huria, mtaalamu yeyote anaweza kuusoma msimbo wake na kuurekebisha. Kazi hiyo ni dhamana kubwa, kwani ukurasa ukionyesha tarehe isiyo sahihi ya kurudi kliniki, mgonjwa anaweza kukosa dawa.

Anayesaka kosa kama hilo huweka alama kwenye mstari anaoushuku, ili programu isimame hapo naye akague yaliyomo. Lakini mara nyingine programu huipita alama hiyo, ingawa mstari wenyewe umetekelezwa. Je, kunani?

Kurasa za matoleo ya awali ya OpenMRS ziliandikwa kwa JSP, mfumo unaoruhusu ukurasa mmoja kuingiza faili nyingine ndani yake. Seva huyaunganisha maandishi hayo, huyageuza kuwa faili moja ya Java, kisha huitafsiri kuwa msimbo-baiti (bytecode) wa Java. Kwa hivyo, mstari wa 10 wa faili iliyoingizwa unaweza kuwa wa 140 katika faili hiyo mpya. Chombo cha kusaka makosa huhitaji jedwali la kuoanisha mistari hiyo, ambalo utaratibu wake uliwekwa na kanuni ya JSR-45 mwaka wa 2003. Jedwali likikosekana, alama haina pa kushika.

Hatua ya kwanza ni kuandika neno linaloonekana katika faili iliyoingizwa, kisha kuufungua ukurasa upya. Lisipoonekana, seva ingali inatumia tafsiri ya zamani. Futa tafsiri hizo na uiwashe seva upya.

Neno likionekana, itafute faili ya Java iliyozalishwa na uweke alama humo. Programu ikisimama, basi kasoro imo katika jedwali. Kagua mipangilio ya seva.

Kumbuka pia kwamba faili moja ikiingizwa katika kurasa kumi, huzaliwa nakala kumi. Alama yaweza kuwa imeshika katika nakala moja ilhali wewe unaifungua nyingine. Hali kadhalika, hakikisha hakuna faili mbili zenye jina moja katika folda tofauti.

Hatimaye, majaribio haya yafanywe kwenye seva ya majaribio yenye data ya kubuni. Alama ikishika kwenye seva ya kliniki, ukurasa wa mhudumu hukwama papo hapo, na foleni ya wagonjwa husimama pamoja nao.