Pilau ya Sh250 imegeuka vipi kuwa Sh25,050? Kagua data kabla mteja hajakupigia simu

Hebu jiweke hapa. Ni Jumamosi jioni, umejifungia kwenye bedsita yako Huruma, Eldoret, laptopu mapajani, na moyo umetulia kwa sababu tovuti ya yule mama mwenye hoteli iko hewani. Amekulipa nusu. Nusu nyingine atakupa tovuti ikimaliza wiki bila shida.

Kisha simu inalia. “Kijana wangu, mbona mteja wa Kapsoya ameambiwa alipe elfu ishirini na tano kwa sahani moja ya pilau?”

Unafungua ukurasa mbio mbio. Pilau ni Sh250, sawa. Nauli ya boda ni Sh50, sawa. Jumla: 25050. Hakuna aliyekuhujumu, boss. JavaScript imefanya ulivyoiambia. Ile 250 ilikuwa nambari, lakini ile 50 ilitoka kwenye kisanduku cha fomu, na chochote kinachoandikwa kwenye kisanduku cha fomu hukufikia kikiwa stringi, yaani maandishi, hata kama mtu ameandika tarakimu tupu. Ukijumlisha nambari na maandishi, JavaScript haijumlishi. Inayabandika tu, moja nyuma ya lingine.

Na kinachouma zaidi ni kwamba ungeondoa badala ya kujumlisha, jibu lingekuwa sahihi. 250 kuondoa “50” ni 200, kwa kuwa alama ya kuondoa huigeuza stringi kuwa nambari kimya kimya. Ndiyo maana ulipojaribu punguzo la bei nyumbani kila kitu kilikuwa poa.

Wengi wenu mnajenga kwa React, ambayo Facebook iliifungulia umma mwaka wa 2013. Humo ukurasa hukatwa vipande vinavyoitwa komponenti: kadi ya chakula, kitufe cha kulipa, risiti. Kila kipande hupokea data kutoka kwa kile kilichokiita, na data hiyo huitwa propu. Ni kama kumtuma mtoto dukani na karatasi. Ukiandika vibaya, ataleta kitu, ila si ulichotaka.

Sasa tazama risiti. Umeandika imelipwa="false", ukiamini umesema mteja hajalipa. La hasha! Ukiweka alama za kunukuu umetuma neno lenye herufi tano, na kwa JavaScript stringi yoyote isiyo tupu huhesabiwa kuwa kweli. Risiti itaonyesha “Imelipwa”, boda ataondoka na chakula hadi Langas, na mama wa watu atahesabu hasara usiku.

Nambari za simu nazo zina balaa lake. Geuza ile inayoanza na 07 kuwa nambari na sufuri ya mbele inapotea. Simu si kitu cha kujumlisha, kwa hivyo ibaki stringi.

Kwa miaka mingi soja wa geti alikuwa PropTypes. Unaandika chini ya komponenti kwamba nauli lazima iwe nambari na imelipwa lazima iwe ndiyo au la, na ukituma kitu tofauti unaonywa kwenye konsoli, lile dirisha la makosa ndani ya brauza. Alikuwa soja wa kupiga filimbi tu. Hakumzuia mtu kuingia, na alifanya kazi wakati wa kujenga pekee. Tovuti ikishakwenda hewani alikuwa kimya. Mwaka wa 2017 alihamishwa nje ya React na kuwa kifurushi cha kujitegemea.

Hapa ndipo uwe macho. React 19, iliyotoka Desemba 2024, haimsikilizi tena. Unaweza kuandika PropTypes zako zote vizuri kama ulivyofunzwa kwenye video ya miaka mitano iliyopita, na hakuna onyo hata moja litakalotokea. Hata kosa la kusema “siku hizi sifanyi hivyo” hulioni. Kwangu mimi hiyo ni noma kuliko kukosa soja kabisa, maana unalala ukidhani geti lina mtu.

Wenye React wanapendekeza uhamie TypeScript, lugha ambayo Microsoft iliitangaza 2012. Hii hukukamata mapema. Ukitangaza nauli kuwa nambari kisha upitishe stringi, mstari mwekundu unatokea ukiwa bado unaandika, kabla pilau haijaiva. Itakusumbua wiki mbili za kwanza, sikudanganyi.

Lakini usiipe kazi isiyo yake. TypeScript hukagua ulichoandika wewe, haikagui kinachoingia kutoka nje tovuti ikiwa kazini. Chukua Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Kwenye mifano ya nyaraka zake, kiasi kinachorudi baada ya mteja kutumiwa ombi la kuweka PIN ni nambari. Lakini mtu akilipa mwenyewe kupitia paybill, kiasi kwenye ujumbe unaokufikia ni stringi. Kampuni moja, pesa zile zile, aina mbili. Data kama hiyo ikague pale pale inapoingia, kwa maktaba kama Zod au hata kwa mistari michache ya if.

Na usikimbilie kuzungushia kila kitu Number(). Kisanduku kikiachwa wazi, Number hurudisha sufuri, na mama atakuwa anasafirisha chakula bure hadi Jumatatu.

Kwa hivyo kabla hujamrudishia simu, tengeneza ile jumla, kisha fungua faili ya package.json ya kazi hiyo na utazame nambari iliyo mbele ya neno react. Ikianza na 19 na bado una PropTypes humo ndani, una kazi ya usiku. Chaji laptopu mapema, stima isije ikapotea ukiwa katikati.