Songea na roho juu ya mfuko wa mbolea

Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma, Songea redio huongezwa sauti. Kwingine watu husikilizia bei ya bia na sigara. Huku wakulima wanasikilizia mbolea. Ukidhani ni woga wa bure, basi hukuwapo mwaka 1994.

Zamani serikali ilibeba sehemu kubwa ya bei ya mbolea. Mahindi nayo iliyanunua kwa bei moja nchi nzima, uwe Songea au Morogoro. Mkulima wa Ruvuma akachangamka, mkoa ukaingia kwenye wale vigogo wanne wa mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa.

Kisha hela ikakauka. IMF na Benki ya Dunia wakataka mkanda ukazwe. Ruzuku ikamegwa msimu hadi msimu, mwaka 1994 ikabaki sifuri. Bei moja nayo ilikwisha kufutwa, hivyo mafuta ya lori la kwenda Dar, safari ya karibu kilomita 1,000, yakaangukia mgongoni mwa mkulima. Tuliambiwa soko huria litaleta wanunuzi. Walikuja kweli, na mizani yao mkononi!

Ruzuku ilirudi mwaka 2003. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa urea ukashushwa hadi shilingi 70,000, kutoka zaidi ya 120,000. Watu walishukuru, lakini wazee waliuliza: hadi lini? Mwenye mashaka hayo hulima ekari mbili badala ya nne, kwingine akachomeka mihogo.