Mikunjo 25 ya tenugui

Tenugui ni kitambaa chembamba cha pamba, upana wake sentimita 35 hivi na urefu 90. Wajapani hukifutia mikono, hufungia chakula, hujifunga kichwani wakiwa kazini. Dukani kimoja huuzwa kati ya yeni 1,000 na 2,000. Kwa kitu kilichotiwa rangi kwa mkono, bei hiyo ni ndogo mno, mpaka uijue hesabu yake.

Hesabu iko kwenye mkunjo. Mbinu ya kutia rangi iitwayo chusen, iliyoanzia Osaka mwishoni mwa karne ya 19, haishughulikii kitambaa kimoja kimoja. Fundi hutandika mwanzo wa jora jeupe la mita 20 na ushei, huteremsha kiolezo, hupaka uji mzito kwa kibao, huinua kiolezo, hukunja jora juu ya uji, hupaka tena. Kila mkunjo ni tenugui moja. Mwishowe ana rundo la kama 25. Uji huo hufanya kazi ambayo kwenye batiki hufanywa na nta: ulipokaa, rangi haishiki.

Kisha humimina rangi kwa chombo chenye mdomo mwembamba kama wa birika, huku pampu chini ya meza ikiivuta ipenye tabaka zote. Hugeuza rundo, humimina tena. Ndiyo maana tenugui ya namna hii haina mbele wala nyuma. Akitaka nyekundu kando ya buluu, hatafuti kiolezo kingine: huzungushia kila eneo tuta la uji, kama majaruba ya mpunga, na kila rangi hubaki kwake.

Tuta likivuja, hata hivyo, halichafui kitambaa kimoja tu. Kwa bei ya yeni 1,500, rundo zima ni yeni 37,500. Kwangu mimi, mnunuzi hulipia hasa utulivu wa mkono wa fundi. Mwaka 2019 serikali ya Japani iliitambua kazi hii ya Osaka, kwa jina la Naniwa honzome, kuwa ufundi wa jadi; ilistahili.

Ncha mbili za tenugui huachwa bila upindo. Nyuzi huchomoza inapofuliwa mara za kwanza, hukatwa kwa mkasi, kisha hutulia. Na bila upindo maji hayana pa kujificha, kitambaa hukauka upesi. Kwa rundo moja, hizo ni mita 17 na nusu za mshono ambazo hakuna anayezishona.