Baiskeli ya Kwanza ya Mbio

Tukiwa na feza ya kiasi tu, macho yetu hukimbilia rangi ing'aayo. Tusidanganyike! Mipira, mnyororo na breki hubadilishwa baadaye. Lakini fremu isiyolingana na mwili hairekebishiki, nayo huumiza mgongo na magoti. Basi kwanza tusimame, chuma cha juu kikiwa kati ya miguu yetu: nyayo zote zikae chini, nacho kisitubane. Ikiwa baiskeli imekwisha kutumika, tukague maungio yote. Penye ufa, tuiache. Tena tupime mnyororo: toka pini ya 1 hadi ya 25, ukiwa mpya, ni milimita 305; ukifika 307, umechakaa, na muuzaji apunguze bei. Feza ya jasho isinunue mateso.