Asusa za Protini kwa Vijana Wanamichezo: Lishe Bora Isiyo ya Gharama Kubwa

Kengele ya mwisho hulia alasiri, na mwanafunzi aliyechaguliwa katika timu ya shule huelekea uwanjani. Tangu asubuhi amekunywa uji mtupu, na mchana amekula ugali na mboga za majani. Atafanya mazoezi hadi jua linapokaribia kuzama, kisha atatembea kurudi nyumbani, ambako chakula huiva saa mbili usiku. Mzazi humwona akikonda na kusinzia juu ya daftari, akadhani ni uvivu. Mara nyingi ni chakula kisichotosha, au kinachochelewa mno.

Protini ndiyo inayojenga na kukarabati misuli. Kijana anayecheza anaihitaji kwa mambo mawili kwa wakati mmoja: kukua, na kurudisha nguvu ya misuli iliyochoka. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 1.2 hadi 2.0 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Hivyo basi, kijana mwenye kilo 50 anahitaji walau gramu 60. Kiasi hicho hutumika vizuri zaidi kikigawanywa katika milo kadhaa kuliko kikisubiri mlo mmoja wa usiku. Hapo ndipo umuhimu wa asusa unapoonekana.

Habari njema ni kwamba vyakula hivyo vinapatikana katika masoko yetu. Yai moja la kuchemsha lina takriban gramu 6 za protini. Konzi moja ya karanga, yaani gramu 30 hivi, ina gramu 7. Kikombe cha maziwa au mtindi kina gramu 8, na nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 7 hivi. Dagaa wakavu huvipita vyote kwa uzito: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na wakiliwa wazima na mifupa yao huongeza madini ya chokaa. Mayai mawili na kikombe cha mtindi baada ya mazoezi hufikisha gramu 20, kiasi kinachotosha kabisa kwa wakati huo.

Hata hivyo, protini peke yake haitoshi. Mwili ukikosa chakula cha nguvu huichoma protini kama kuni, na misuli haijengeki. Kwa sababu hiyo, karanga ziende na ndizi mbivu, mayai yaende na kiazi kitamu. Makande yaliyobaki jana, yakihifadhiwa vizuri na kupashwa moto barabara, ni asusa kamili, kwani kilichopungua katika protini ya mahindi hujazwa na maharage. Wasichana, ambao hupoteza madini ya chuma kila mwezi, wakila maharage na chungwa hufaidika zaidi. Chai ni heri isubiri, maana huzuia mwili kuyafyonza madini hayo.

Aidha, usalama usipuuzwe. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, kwa maana zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa ndani ya mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Soya isitiwe katika uji ikiwa mbichi. Ikaangwe au ichemshwe vizuri kwanza, kwani ikiwa mbichi huzuia usagaji wa protini. Yai la kubeba shuleni libaki na ganda lake hadi wakati wa kuliwa.

Kuhusu unga wa protini wa makopo, kijana anayekula vizuri hauhitaji. Bei yake ni kubwa, na baadhi ya bidhaa za aina hiyo zimewahi kukutwa na dawa zilizokatazwa michezoni.

Basi, mzazi au mlezi, jioni ya leo chemsha mayai mawili au funga karanga na ndizi, uviweke karibu na begi la mtoto. Ni kazi ya dakika chache, lakini kesho mtoto hataingia uwanjani na tumbo tupu.