Rais wa Marekani na Mipaka ya Mamlaka Yake

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inakabidhi mamlaka ya utendaji ya serikali ya shirikisho kwa mtu mmoja, rais, na kumpa jukumu la kuhakikisha sheria zinatekelezwa ipasavyo. Sheria zenyewe hutungwa na Kongresi, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi.

Rais huchaguliwa kwa kipindi cha miaka minne. Wananchi hupiga kura, lakini mshindi hupatikana kwa hesabu ya wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo. Anayepata 270 ameshinda. Tangu mwaka 1951 Katiba hairuhusu mtu kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Makamu wake hushika nafasi hiyo ikiwa wazi, na katika Seneti hupiga kura pale tu kura zinapofungana.

Chini ya rais kuna wizara 15. Waziri huteuliwa na rais, kisha lazima athibitishwe na Seneti, nayo ina meno: mwaka 1989 ilimkataa John Tower asiwe waziri wa ulinzi, ingawa aliwahi kuwa seneta. Tanzania mawaziri hutoka miongoni mwa wabunge. Marekani mbunge anayepewa wizara huachia kiti kwanza, utaratibu ambao Kenya nayo iliuweka katika Katiba yake ya 2010.

Hata hivyo, kazi ya kila siku iko mikononi mwa watumishi wa kiraia zaidi ya milioni mbili. Hao ndio wanaokagua nyama machinjioni, wanaoongoza ndege na kuandaa pensheni za wazee. Zamani nafasi hizo ziligawiwa wafuasi wa chama kilichoshinda. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, aliyekuwa amenyimwa cheo alichoamini ni haki yake. Garfield alifariki, na mwaka 1883 ikapitishwa sheria ya kuajiri kwa mitihani. Ni mageuzi yaliyochelewa mno, lakini bila hayo kila uchaguzi ungefagia ofisi nzima. Siku hizi wateule wa kisiasa ni kama 4,000 tu.

Rais anaweza kukataa kutia saini muswada, na Kongresi huhitaji theluthi mbili ya kura katika kila chumba ili kumshinda. Anaweza pia kutoa amri kwa wizara zake, na hapo ndipo mvutano huwa mkali. Aprili 1952, vita vya Korea vikiendelea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa wanakaribia kugoma. Rais Harry Truman alimwamuru waziri wake wa biashara, Charles Sawyer, achukue viwanda hivyo ili uzalishaji usisimame. Wenye viwanda wakaenda mahakamani. Juni 2 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura sita dhidi ya tatu, kwamba hakuna sheria wala kifungu cha Katiba kilichompa rais uwezo huo. Truman alirudisha viwanda. Mgomo ukaanza, ukadumu siku 53. Amiri jeshi mkuu, katikati ya vita, alitii hukumu ya majaji.

Magavana wa majimbo nao hawako chini yake. Tofauti na mkuu wa mkoa wa Tanzania, gavana huchaguliwa na wananchi wa jimbo lake, na rais hawezi kumfukuza. Lakini gavana akizuia amri ya mahakama ya shirikisho, rais ana nguvu ya kuingilia. Mwaka 1957 Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliweka askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya Central High mjini Little Rock. Rais Dwight Eisenhower aliwaweka askari hao chini ya serikali ya shirikisho, akapeleka na wanajeshi wa jeshi la taifa. Wanafunzi wakaingia darasani.

Fedha zote hutoka kwa Kongresi. Isipoidhinisha matumizi, ofisi nyingi hufungwa. Kongresi pia inaweza kumshtaki rais na kumwondoa. Walioshtakiwa ni Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mwaka 2019 na 2021, na mara zote nne Seneti haikufikisha theluthi mbili inayotakiwa kumtia rais hatiani. Richard Nixon alijiuzulu Agosti 1974, kabla Baraza la Wawakilishi halijapiga kura ya kumshtaki.