Utafutaji wa Habari na Picha: Ng'ombe wa Gitting katika Mashine

Somo la kutafuta habari na picha kwa kompyuta hufundishwa vyuoni pamoja na hesabu na ukutubi, lakini kwa asili yake ni somo la lugha. Tumchukue mtu atakaye maandishi juu ya ng'ombe wa Gitting, katika nchi ya Mbulu na Hanang. Mashine isiyofundishwa Kiswahili yaweza kudhani ritifaa ni mpaka wa neno. Basi ng'ombe hukatwa vipande viwili, "ng" na "ombe", na cha pili huonekana kama kitenzi cha kuomba. Hanang', ambayo wengine huiandika bila ritifaa, hupatwa na msiba huo huo.

Viambishi vina shida kubwa zaidi. Kwa Kiingereza mara nyingi yatosha kukata mwisho wa neno, kama ifanyavyo kanuni ya Martin Porter ya mwaka 1980. Kiswahili hubadilika mbele na nyuma: mfugaji, wafugaji, walifuga, hawafugi, hufugwa, yote ni ya shina -fug-. Lakini mashine isiyo na kamusi, ikiondoa m- katika "mfugaji", itaiondoa na katika "Mbulu", ibakiwe na "bulu". Ndiyo sababu kazi ya Arvi Hurskainen wa Helsinki, ya kuchanganua kila neno la Kiswahili kwa sarufi kamili, ina thamani kuliko ukataji wowote.

Majina nayo yana historia. Kabla ya Manyara kuwa mkoa mwaka 2002, nchi hii ilikuwa Mkoa wa Arusha. Wairaqw huitwa pia Wambulu, na Wadatoga huitwa Mang'ati. Aulizaye kwa jina moja hukosa yaliyoandikwa kwa jingine.

Cyril Cleverdon, katika majaribio ya Cranfield, Uingereza, alitumia vipimo viwili. Ikiwa maandishi yafaayo ni 20, na mashine imeleta 10 ambayo 8 ndiyo yafaayo, ukamilifu ni 8 kwa 20, na usahihi 8 kwa 10. Hapa kwetu ukamilifu ndio udhoofikao kwanza, na mwulizaji hajui alichonyimwa.

Kwa picha, mashine hulinganisha rangi na maumbo, au husoma maelezo. Mkusanyo wa Winterton, uliopo Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zipatazo 7,500 za Afrika ya Mashariki, za miaka ya 1860 hadi 1960. Umbo litamtambulisha ng'ombe. Halitasema kama ni wa mahari au wa mnada. Hilo lataka maelezo ya maneno, na mwulizaji wa Kiswahili hatayafikia yaliyo kwa Kiingereza tu mpaka yafasiriwe. Kazi hiyo ningewapa wanafunzi wa isimu na wa kompyuta, wakae meza moja.